Kivuli kwenye eksirei si hukumu, uliza kiko wapi

Hebu sema ukweli: mara ya mwisho ulipopigwa eksirei ya kifua, uliiona picha yenyewe? Ama ulipewa tu karatasi yenye muhuri, ukaambiwa uko sawa au hauko sawa, ukatoka mbio kutafuta matatu?

Dadangu mdogo alipewa karatasi. Mwaka jana alikuwa anajiandaa kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi ya hoteli. Pasipoti ilikuwa tayari, ajenti alikuwa ameshalipwa, na sehemu ya hizo pesa ilikuwa mkopo wa chama cha mama. Ilibaki kupimwa afya tu. Kliniki aliyotumwa ikamwandikia kwamba hafai, ana kivuli juu ya pafu la kulia. Basi. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Na kwa kuwa TB hupenda kukaa sehemu ya juu ya pafu, nyumbani kila mtu aliwaza jambo moja. Mama akaanza kumtengea kikombe chake, ingawa TB husambaa kwa hewa, si kwa vikombe.

Wiki mbili baadaye tulienda hospitali nyingine. Mama mmoja mpiga eksirei akaiinua ile filamu kwenye taa kwa sekunde chache, akamtazama dadangu kichwani, akatabasamu. "Siku hiyo ulikuwa umesukwa hivi hivi?"

Alikuwa amesukwa rasta ndefu, zimelala begani. Akaambiwa azikusanye zote juu ya kichwa, akapigwa picha nyingine. Kivuli kikapotea. Makohozi nayo yalipimwa, hakuna kitu. Lakini nafasi ya kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na ajenti hadi leo hashiki simu.

Nilimuuliza yule mama alijuaje haraka hivyo. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: kile kivuli hakikukoma pale pafu linapokoma. Kilipanda, kikapita mfupa wa mtulinga, kikaendelea hadi shingoni. "Ugonjwa wa pafu hautoki nje ya pafu ukapanda shingo," akasema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa.

Mimi si daktari. Lakini tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu hizi picha, na kuna jambo moja ambalo naona kila kijana anayepigwa eksirei anafaa kulijua: eksirei si picha kama ile ya simu yako. Ni vivuli. Tangu Wilhelm Röntgen agundue miale hii mwaka wa 1895, kazi yake ni ile ile. Miale inaingia upande mmoja wa mwili na kutokea upande wa pili, na kila ilichokutana nacho njiani kinachorwa kwenye bamba moja. Nywele, ngozi, mbavu za nyuma, pafu, moyo, mbavu za mbele, matiti, mkufu uliosahau kuuvua. Vyote vinalaliana, kama mtu amekupiga pasi ukawa karatasi. Hewa hutoka nyeusi, mifupa hutoka meupe, chuma cheupe zaidi. (Ndiyo, "kivuli" hapa ni cheupe, usichanganyikiwe.) Balaa iko katikati: moyo, damu, misuli, maji na usaha vyote hutoka na rangi inayokaribiana sana. Kwa hivyo pafu lililojaa usaha wa nimonia na moyo mzima wenye afya, kwa rangi, ni kama mapacha.

Sasa unajuaje kipi kiko wapi? Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Fikiria mapazia mawili mepesi dirishani. Yakipishana, pindo la kila moja bado unaliona, ila pale yalipolaliana panakuwa pazito zaidi. Halafu fikiria matone mawili ya maji juu ya meza. Yakigusana tu, mpaka kati yao umeisha, unaona tone moja. Kifuani ni hivyo hivyo. Ukingo wa moyo unaonekana kwenye eksirei kwa sababu kando yake kuna pafu lenye hewa. Pafu hilo likijaa majimaji na linagusa moyo, ukingo unafutika. Likijaa majimaji lakini liko nyuma, haligusi moyo, vivuli vitalaliana na ukingo wa moyo utabaki umesimama pale pale.

Mwaka wa 1950, Benjamin Felson, daktari wa eksirei wa Cincinnati, Marekani, akiandika na Henry Felson, aliieleza mbinu hii, na tangu hapo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuutafuta ukingo uliopotea. Pafu la kulia lina sehemu tatu, na ile ya kati ndiyo inagusa ukingo wa kulia wa moyo. Ukiona weupe chini upande wa kulia na ukingo huo wa moyo umefutika, ugonjwa uko sehemu ya kati, mbele. Ukiona weupe karibu pale pale lakini moyo umechorwa vizuri, na kilichofutika ni mstari wa kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, basi ugonjwa uko sehemu ya chini, nyuma. Weupe ule ule, picha ile ile, majibu mawili tofauti. Ni ukingo unaosema, si doa.

Ndiyo maana hainiingii akilini mtu kuandikiwa "ana kivuli" na kuachwa hivyo. Kivuli cha nini? Mbele ama nyuma? Kinagusa nini? Kiko ndani ya pafu kweli? Chuchu inaweza kuonekana kama uvimbe mdogo wa duara. Kovu la ugonjwa uliopona miaka kumi iliyopita linaweza kufanana na ugonjwa wa leo, na hapo mara nyingi kitu cha kukuokoa ni ile filamu ya zamani uliyoitupa ulipohama nyumba. Kama doa halijabadilika tangu wakati ule, hiyo ni habari tofauti kabisa na doa lililozaliwa mwezi jana.

Upande wa pili pia upo, na unatisha zaidi. Kuna sehemu za pafu zinazojificha kwenye picha ya mbele: nyuma ya moyo, nyuma ya mitulinga, na ile sehemu inayoshuka nyuma ya kiwambo. Doa likikaa hapo, unaweza kuambiwa uko freshi na hauko freshi. Picha ya pili ya ubavuni huwa inatoa mengi ya hayo mafichoni. Na mionzi? Ya picha moja ya kifua ni kidogo, kama ile ambayo mtu huipata kwa kuishi tu siku chache duniani. Ila kama una mimba, ama unashuku, sema kabla hujasimama kwenye mashine.

Sisemi uidharau eksirei. Uchunguzi wa kitaifa wa TB uliofanyika Kenya mwaka wa 2015 na 2016 ulikadiria wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na eksirei iliwanasa watu ambao maswali ya "unakohoa?" pekee yangewakosa. Kwa hivyo ukiambiwa kuna kivuli, usijifariji kwamba ni nywele tu. Nenda upimwe makohozi. Kivuli kinakuambia utafute wapi, maabara ndiyo inakuambia ni nini. Hata zile programu za kompyuta za kusoma eksirei, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka wa 2021 kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi, zinakuchagua tu uende ukapimwe. Hazikuhukumu. Sasa kama mashine yenyewe ina adabu hiyo, kliniki ya vipimo vya safari inakosaje?

Nadhani kila kituo kinachompima kijana kwa ajili ya kazi kinafaa kulazimishwa kumpa picha yake, si muhuri pekee, pamoja na sentensi moja inayosema kivuli kiko sehemu gani na kwa nini wanakishuku. Na kabla ya kuandika "hafai", kimrudie mara moja. Picha ya pili inachukua dakika kumi. Mkopo wa mama bado unalipwa hadi leo.

Kama una miadi wiki hii: funga nywele zako juu kabisa, vua mkufu na sidiria yenye chuma, na ukiambiwa uvute pumzi, ivute yote uishikilie, kwa sababu pafu lisilojaa hewa hujikunja chini na kuleta vivuli vyake lenyewe. Ukimaliza, itishe nakala. Zile mbili za dadangu ziko juu ya kabati, moja ina kivuli, nyingine haina, na ameandika tarehe kwenye kila bahasha.