Mizani Isiwe Hakimu wa Maumivu ya Matiti

Mwanamke wa Mbaha mwenye matiti mazito kupita kiasi hubeba mzigo wa pili kila atwikapo ndoo ya maji kutoka ziwani. Mikanda ya sidiria humchimba mabega, shingo na mgongo humuuma, na katika joto la mwambao wa Nyasa ngozi iliyo chini ya matiti huchubuka na kuota fangasi. Hata hivyo, upasuaji wa kuyapunguza huhesabiwa na wengi kuwa urembo, na urembo haulipiwi na bima.

Nchini Marekani, bima nyingi hutumia jedwali la daktari Paul Schnur la mwaka 1991, linalolinganisha ukubwa wa mwili na gramu zitakazoondolewa. Nyingine hudai gramu 500 kwa kila titi. Lakini tafiti zilizochapishwa hukohuko mwaka 2002 zilionyesha kuwa nafuu ya wagonjwa haikutegemea uzito huo.

Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa nchini mwaka 2023, tusiazime mizani hiyo. Vigezo vyetu viulize: dalili zimedumu muda gani? Dawa na sidiria inayofaa zimeshindwa? Ni kazi zipi mgonjwa hawezi tena? Wala asidaiwe miezi ya fiziotherapia ikiwa zahanati ya kwao haina mtaalamu huyo.

Kwa wanaume, tahadhari ni nyingine. Matiti yanayoota wakati wa balehe kwa kawaida hunywea yenyewe ndani ya miaka miwili. Kijana huyo aelezwe, asubiri. Mtu mzima achunguzwe ini, korodani, saratani ya titi na dawa anazotumia, kwani efavirenzi na spironolaktoni huweza kukuza matiti. Yakidumu zaidi ya mwaka, nyama hugeuka kovu gumu lisiloyeyushwa na dawa. Kumwambia mtu aliyeathiriwa na dawa tulizomwandikia sisi kwamba anatafuta urembo ni dhuluma.

Bima huamua kwa kusoma maandishi. Mgonjwa, usione haya kueleza maumivu hayo. Nawe mhudumu wa zahanati, usiandike "maumivu ya mgongo" ukaishia hapo: andika chanzo, vidonda, tarehe na kila tiba iliyojaribiwa. Kadi hiyo ndiyo ushahidi wake wa kwanza.