Kabla ya Nyundo, Jifunze Moto: Kwa Vijana Mnaofua Zana Zenu Wenyewe

Msimu huu nimepata maswali mengi yasiyohusu mbolea wala viwavijeshi. Yanahusu uhunzi. Vijana kadhaa wa mahindi na parachichi wamenitumia picha za matanuru madogo waliyojenga nyuma ya banda, na mapanga waliyofua wenyewe siku za mapumziko. Nimefurahi kweli. Ila nina neno.

Neno langu ni kwamba wengi wenu mnaanzia katikati. Mnatafuta nyundo kubwa na fuawe nzito, mnafua panga refu kama la kwenye sinema, mnalichovya jekundu kwenye ndoo ya maji, siku hiyo hiyo mnampa kibarua akafyeke. Kwa macho ni panga zuri tu. Siku akigonga kisiki linakatika vipande viwili. Kimoja kinabaki mkononi mwake, cha pili kinaruka, na hakuna anayejua kitatua kwenye nini. Kibarua huyo umemwita wewe, na panga umefua wewe.

Wapo wanaosema uhunzi ni mambo ya babu, kijana wa kilimo biashara anunue zana dukani. Sikubaliani nao. Majembe mengine ya dukani siku hizi ni kama bati nene, ukiligonga kwenye mfinyanzi mkavu ncha inajikunja. Wazee wetu bado wanayataja majembe ya UFI ya pale Ubungo na yale ya ZZK Mbeya. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua za kupandia huwa zinaanza Novemba, na siku mbili za kuhangaika na zana mwanzoni mwa mvua ni hasara utakayoiona mpaka wakati wa kuvuna. Halafu ufundi wenyewe sio wa kuazima. Buhaya watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Ufipa mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo, yapo mpaka leo. Jembe la chuma lilikuwa mali ya kutolea mahari! Kwa hiyo fueni tu, lakini tufuate utaratibu.

Tuanze na chuma chenyewe. Nondo ni rahisi kupata na ni laini kufua, lakini nondo nyingi zina kaboni kidogo, hata uzichovye mara kumi hazikamati makali. Zifaeni kwa ndoano, misumari mikubwa, koleo na vishikio. Kwa jembe, panga au shoka tafuta springi za gari, zile za mabamba, kwa wauza vyuma chakavu. Hizo ni chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha. Ukiwa na mashaka, gusisha chuma kwenye jiwe la grenda uangalie cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Chenye kaboni hutoa cheche zinazopasuka pasuka kama fataki ndogo. Kipimo cha uhakika zaidi ni kukata kipande kidogo, ukakipasha mpaka kiwe chekundu sana, ukakichovya, halafu ukakipitishia tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, umepata chuma cha kufanyia kazi. Ikikwangua kirahisi, hicho kirudishe kwenye rundo la ndoano.

Vyuma viwili usiviguse kabisa. Cha kwanza ni shokabsoba au kitu chochote kilichozibwa pande zote, maana kikipata moto kinalipuka. Cha pili ni chuma chenye mng'ao wa zinki, kama mabomba ya maji na bati. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unatetemeka kwa homa na kifua kinabana. Nasisitiza hili kwa sababu naona kwenye picha zenu mmeingiza hewa kwenye tanuru kwa bomba la maji la zinki. Litoeni. Tafuta bomba jeusi la chuma, au finyanga mdomo wa udongo kama wanavyofanya wahunzi wa kijijini. Na kipande cha reli kwa ajili ya fuawe, jamani, hata ukiletewa usiku kwa bei ya kutupa, kataa. Ile ni miundombinu ya nchi, utaenda kueleza kituoni.

Tanuru lisikusumbue akili. Dramu kuukuu ya breki ya lori, iliyosakafiwa ndani kwa udongo wa kichuguu, na feni ndogo au mvukuto wa ngozi, inatosha kabisa. Mkaa uwe wa mti mgumu, uliopondwa vipande vya ukubwa wa yai. Fuawe inaweza kuwa bonge lolote zito la chuma lililokaa imara juu ya gogo. Wahunzi wetu wengi wamefulia juu ya jiwe maisha yao yote. Nyundo ya kilo moja hadi moja na nusu inatosha. Ile ya kilo tatu itakuharibia kiwiko kabla ya kazi. Sasa hivi upepo ni mkali na nyasi zimekauka, kwa hiyo fyeka pande zote za tanuru, weka ndoo ya mchanga na ya maji karibu, na usiwashe chini ya paa la nyasi. Vaa nguo ya pamba na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni ikipata cheche inagandia kwenye ngozi. Miwani ya kinga sio hiari.

Sasa moto, ambapo ndipo kazi ilipo. Fulia kivulini, kwa sababu juani rangi ya chuma inakudanganya, utaona bado ni cheusi kumbe kimeshapita. Chuma cha springi fua kikiwa rangi ya chungwa. Kikishuka mpaka wekundu hafifu acha kupiga, rudisha motoni, maana ukikipiga kikiwa kimepoa unatengeneza nyufa ndogo ndogo usizoziona. Kikiwa cheupe na kinatoa cheche chenyewe, hicho kimeungua. Kata sehemu hiyo utupe, hakuna dawa.

Ukimaliza umbo, pasha zana yote iwe nyekundu, iache ipoe polepole kwenye majivu mpaka kesho yake. Hatua hii vijana mnairuka kwa sababu inachosha kusubiri. Isipofanyika, vipigo vya nyundo vinabaki vimejificha ndani ya chuma vikisubiri maji.

Kukaza makali ndio mtihani. Tumia sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Subiri kidogo kiwe chekundu zaidi ya hapo, kisha chovya ukingo wa makali kwenye mafuta ya kupikia yaliyotumika, yaliyopashwa kiasi cha vuguvugu. Sio maji. Maji yanapoza springi haraka mno, ndiyo yanayopasua mapanga yenu. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, maana yanaweza kuwaka, na yakiwaka unafunika tu, humwagii maji.

Hapo sasa makali ni magumu kama kioo, na kama kioo yanavunjika. Hii ndiyo zana mnayowapa vibarua! Bado hatua moja. Sugua ukingo kwa msasa mpaka ung'ae, halafu pasha taratibu kuanzia upande wa nyuma, mbali na makali, huku ukitazama. Rangi zitatembea juu ya chuma: kwanza manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220, kisha kahawia, zambarau, na bluu karibu nyuzi 300. Kwa kisu cha jikoni simama kwenye kahawia hafifu. Panga na shoka ziache zifike zambarau. Jembe lifike bluu, kwa sababu jembe linagonga mawe, na mimi naona heri jembe linalohitaji kunolewa kila Jumamosi kuliko linaloruka vipande. Rangi ikifika unapotaka, chovya zana ipoe. Ukija kunoa kwa grenda chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache; ukingo ukigeuka bluu kwenye grenda, umefuta kazi yote. Tupa na kinoo ni salama zaidi.

Kabla hujampa mtu, jaribu mwenyewe. Piga zana kwenye gogo gumu mara kumi, bila mtu kusimama mbele au pembeni, halafu kagua ukingo kwa mwanga wa jua. Ukiona ufa hata wa unywele, irudi kwenye chakavu.

Na kwa kuanzia, acha panga. Chukua jembe lililolika, uongezee makali, ulinyooshe, ulipige upya. Jembe lina umbo tayari, kwa hiyo unajifunza moto peke yake bila kuhangaika na umbo. Ukikosea umepoteza jembe bovu. Kama kijijini kwenu kuna mhunzi, mlipe siku tatu ukae pembeni ya moto wake ukitazama rangi tu. Wazee hawa hawapigi kelele mitandaoni, lakini jicho lao linapima moto bila sumaku, na kiangazi kazi huwa chache kwao. Wanaotaka kwenda mbali zaidi waulize ofisi ya SIDO ya mkoa au chuo cha VETA kilicho karibu.

Mnaonuia kuuza kwa majirani, subirini. Tumia zana zako mwenyewe msimu mzima, Novemba mpaka mavuno, uone zipi zimekatika na zilikatikia wapi. Mipini nimeiacha makusudi, maana miti ya mipini ina habari ndefu na nusu yenu mnatumia mkaratusi mbichi.