Huduma za Serikali mtandaoni: kompyuta ya afisini na simu ya mwananchi

Kila mwaka ifikapo miezi ya Mei na Juni, wananchi wengi wa Zanzibar huelekeza macho yao Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ambako bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar husomwa na kujadiliwa. Zamani aliyetaka kujua kilichosemwa alitega sikio redioni au alisubiri gazeti la kesho yake. Sasa hotuba hutarajiwa kupatikana mtandaoni siku hiyo hiyo, na wengi wanaoitafuta hawana kompyuta bali simu. Jambo lisilozungumzwa sana ni namna ukurasa uliotengenezwa kwenye kompyuta ya afisini unavyofunguka katika simu ya mkulima wa Makunduchi au mvuvi wa Nungwi.

Kinachoufungua ni kivinjari, yaani programu inayopokea maelekezo kutoka katika tovuti na kuyageuza kuwa maandishi, picha na vitufe. Majina ya vivinjari ni mengi, lakini injini kuu zinazoviendesha ni tatu tu: Blink iliyomo katika Chrome, Edge na Opera, WebKit ya Safari, na Gecko ya Firefox. Injini hizo hazifanani katika kila jambo, na toleo la leo si sawa na la miaka mitano iliyopita.

Hapo ndipo kazi ya msanidi wa tovuti inapoachana na ya mwenzake anayetengeneza programu za kompyuta. Programu ya uhasibu, kwa mfano, husakinishwa na fundi katika mashine zinazojulikana idadi na uwezo wake. Ikikwama, fundi huitwa. Tovuti haina bahati hiyo. Hukutana na mtumiaji jinsi alivyo, na kifaa alichonacho.

Kishawishi cha kukwepa taabu hiyo ni kuamuru kwamba huduma fulani ifunguliwe kwa kivinjari kimoja tu. Korea Kusini ilipita njia hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, huduma za benki na za Serikali mtandaoni nchini humo zilitegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyokusudiwa Internet Explorer. Sababu yake haikuwa mbaya: ulinzi wa siri uliokuwamo katika vivinjari vilivyouzwa nje ya Marekani wakati huo ulikuwa dhaifu, na Wakorea wakajitengenezea wa kwao. Lakini uamuzi wa dharura ukageuka mazoea. Vyeti vya kielektroniki vilivyokuwa kiini cha utaratibu huo vilipoteza nafasi yao ya pekee kisheria Desemba 2020, na Microsoft yenyewe ikaiondoa Internet Explorer katika huduma tarehe 15 Juni 2022. Nchi inayosifika kwa kasi ya intaneti ilikaa takribani miaka 20 ikilifuata dirisha moja.

Kwa Zanzibar suala hili si la nadharia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa Dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, na huinunua mtandaoni. Mgeni huyo yuko Roma au Nairobi, na simu aliyonayo ni chaguo lake. Hakuna afisa atakayesimama pembeni kumshauri abadilishe kivinjari.

Ndani ya nchi tatizo lina sura nyingine. Kompyuta yenye mfumo endeshi wa Windows 7 haiwezi kupata Chrome iliyo juu ya toleo la 109, kwani toleo la 110 la Februari 2023 liliuacha mfumo huo. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wa huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Skuli iliyopewa kompyuta kuukuu kwa msaada haitazitupa kwa sababu hiyo, na si haki kuitaka izitupe.

Njia ya kuwafikia wote inajulikana na wala si ghali. Msanidi huanza na maandishi na fomu nyepesi inayofanya kazi katika kivinjari chochote, kisha ndipo aongeze mapambo kwa vifaa vinavyoyamudu. Picha hupunguzwa uzito. Aina za herufi na programu ndogo za ukurasa huwekwa katika seva ya tovuti yenyewe badala ya kuvutwa kutoka ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania kuzorota, ilionekana wazi jinsi njia ya kwenda nje inavyoweza kuziba ghafla.

Nyaraka nazo zina mlango wao. Fomu iliyoandikwa kwa programu ya afisini, ikapandishwa kama ilivyo, huweza kufunguka kwa mwingine ikiwa imevurugika mistari. Serikali ya Uingereza iliamua Julai 2014 kwamba nyaraka zake za kuhaririwa pamoja zitumie muundo huria wa ODF, na za kusomwa tu ziwe PDF au HTML. Karibu zaidi na nyumbani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu huria za afisini kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano, iliyostahili kuendelezwa kuliko ilivyoendelezwa.

Taasisi inayoagiza tovuti inaweza kuandika katika mkataba kwamba haitaipokea kabla haijajaribiwa katika vivinjari na vifaa vilivyotajwa, kwa data ya simu na si kwa intaneti ya afisini. Chukwani hiyo hiyo ina Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, chenye wanafunzi wa Unguja na Pemba wanaobeba simu za kila aina. Kuwaomba ishirini kati yao wafungue fomu moja na kuijaza mpaka mwisho ni kazi ya asubuhi moja.