Mama Aliyepangiwa Operesheni Asingoje Uchungu Nyumbani

Leo ukurasa wetu wa afya unazungumza na mama mjamzito aliyeambiwa na daktari kwamba atajifungua kwa kupasuliwa. Unazungumza pia na mume wake, na mama mkwe wake, na wazee wa nyumba hiyo. Katika vijiji vyetu vya Mbeya na Iringa, mama mjamzito haamui peke yake siku ya kwenda hospitali. Mara nyingi wengine huamua, naye husikiliza.

Mama anatoka kliniki. Ameambiwa tarehe ya kulazwa na tarehe ya kupasuliwa. Jioni watu wa nyumbani wanakaa kikao. Mmoja anasema, tungoje uchungu uanze, labda atazaa mwenyewe kama wenzake. Mwingine anasema, tungoje tuvune viazi kwanza tupate nauli. Wa tatu anauliza kwa nini wasichana wa siku hizi wanapenda kupasuliwa. Mwisho wa kikao mama anabaki nyumbani, tarehe inapita.

Mimi naupinga mpango huo. Daktari amechagua siku kabla ya uchungu kwa sababu uchungu wenyewe ndio hatari kwa mama huyo. Anayengoja uchungu nyumbani anaingoja hatari ile ile ambayo daktari alitaka kuikwepa.

Tueleze. Akina mama wengine kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Mlango ukianza kufunguka, kondo linaachia na damu inatoka nyingi kwa muda mfupi. Mama anaweza kufa kabla gari halijafika. Wengine mtoto amelala kwa upande, kama komeo la mlango. Hata mama asukume namna gani, mtoto wa namna hiyo hapiti. Wengine wamepasuliwa mara mbili au zaidi, na mfuko wa uzazi una makovu. Nguvu ya uchungu inaweza kulipasua kovu, na mfuko ukipasuka mtoto huwa wa kwanza kufa, na mama naye anaweza kumfuata. Yuko pia mama aliyewahi kutibiwa fistula, yaani kutokwa na mkojo bila kujizuia baada ya uzazi mgumu. Huyo akizaa kwa njia ya kawaida, mahali palipotengenezwa panaweza kuharibika tena.

Kwa hiyo, mama, usitoke kliniki bila kujua sababu yako. Uliza, "Daktari, kwa nini nipasuliwe?" Hili si swali la ubishi. Ni haki yako kujibiwa kwa maneno unayoyaelewa. Na mhudumu anayemkaripia mama kwa swali hilo anafanya kazi yake vibaya, kwa sababu mama asiyejua sababu hawezi kuwaeleza watu wa nyumbani. Hapo ndipo kikao kinapomshinda.

Wapo wanaosema kwamba madaktari wanapenda kupasua tu. Wasiwasi huo tusiudharau, maana ziko nchi ambako operesheni hizi zimezidi mno. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna sababu ya eneo lolote kupita operesheni 10 hadi 15 katika kila uzazi 100. Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta operesheni 6 katika kila uzazi 100. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 11. Kwa nchi nzima bado hatujazidi. Tena hesabu ya nchi nzima huficha jambo: mijini wanapasuliwa wengi, na huko vijijini wako wanaohitaji kupasuliwa ambao hawafiki hospitali.

Wapo pia wanaosema kwamba kupasuliwa si kuzaa, kwamba ni mambo ya Wazungu. Hao wasikie habari ya Bunyoro, nchini Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alimwona mganga wa huko akimpasua mama mjamzito katika kijiji cha Kahura. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili asisikie maumivu sana. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kuliosha tumbo. Alimtoa mtoto, akalifunga jeraha kwa vipande vyembamba vya chuma na kamba za magome ya mti. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Waafrika wa Bunyoro waliifanya kazi hiyo wakati ambapo Ulaya akina mama wengi waliopasuliwa walikufa. Simwambii mtu ajaribu hayo kijijini! Leo tuna vyumba vya upasuaji, dawa ya ganzi na damu ya kuongezewa.

Basi tujiandae namna gani?

Jambo la kwanza ni kuhudhuria kliniki mapema, kabla ya mimba kufika miezi mitatu. Operesheni ya kupangwa kwa kawaida hufanywa karibu na wiki ya 39, kama hakuna sababu ya kuiharakisha. Wiki hizo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mama aliyechelewa kliniki na kusahau tarehe yake anampa daktari kazi ya kubahatisha. Mtoto akitolewa kabla ya wakati, mapafu yake huwa hayajakomaa na anapata shida ya kupumua. Akicheleweshwa, uchungu unatangulia. Andika tarehe ya hedhi yako. Umejifunza kuandika kwa ajili ya mambo kama haya.

Damu ni jambo kubwa. Kila anayepasuliwa hupoteza damu, hata operesheni ikienda vizuri. Mwenye damu ya kutosha huvumilia. Mwenye upungufu huzidiwa. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku kama ulivyoelezwa, na kula maharage, mboga za majani, na nyama au dagaa ukipata. Ndugu zetu wa Rungwe na Mufindi wanisamehe: chai ni zao letu, lakini vidonge hivi visimezwe kwa chai. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Meza kwa maji, chai ije baadaye, saa moja au mbili baada ya chakula.

Tena wanaume waitwe. Mtu mwenye afya, mwenye umri kuanzia miaka 18 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu. Inachukuliwa kama nusu lita tu, na mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu. Damu hupimwa kwanza kabla ya kupewa mgonjwa, kwa hiyo haitoshi ndugu kufika asubuhi ile ile ya operesheni. Mume na shemeji waende siku kadhaa kabla. Mimi naona aibu ninapowaona wanaume sita wamekaa nje ya wodi, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole linapotajwa neno damu.

Sasa safari. Hapa ndipo ninapotaka tukazane, maana nchi yetu ni ya milima. Mbeya mjini wana hospitali ya wazazi ya Meta. Tukuyu iko Makandana, Mbarali iko Chimala. Iringa wako Tosamaganga, Ilula na Mafinga, mbali na hospitali ya mkoa. Siku hizi hata vituo vya afya kadhaa vina chumba cha upasuaji. Lakini kuwa na hospitali katika wilaya si sawa na kuwa nayo mlangoni. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zinafanya njia za Kilolo kuwa tope. Rungwe na Kyela mvua inaendelea hata Mei. Mama anayekaa mbali aondoke wiki moja au mbili kabla ya tarehe, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Baadhi ya hospitali zina nyumba ya akina mama wanaongojea kujifungua. Uliza kliniki kama ipo, na kama mnajipikia, mchukue unga na maharage yenu.

Hapo ndipo watu wanasema, "Wiki mbili! Nani atapalilia?" Ndiyo, palizi itachelewa. Jirani atasaidia, au nusu eka itazidiwa na majani. Mahindi yanaweza kupandwa tena mwaka ujao.

Kama damu inatoka, chupa imepasuka au uchungu umeanza kabla ya tarehe, msingoje asubuhi. Iko namba ya simu 115, haina malipo. Ni ya mpango wa m-mama wa kusafirisha akina mama wajawazito na watoto wachanga wenye hatari, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Iandikeni mlangoni kwa mkaa, kila mtu wa nyumba aione. Hata hivyo msiifanye namba hiyo kuwa mpango wenu wa kwanza. Gari nalo hupita njia ile ile yenye tope.

Kuhusu fedha, serikali imeagiza huduma za uzazi zitolewe bure katika vituo vyake. Lakini nauli, chakula cha msindikizaji na mahitaji madogo madogo havikosi gharama, na hospitali za mashirika ya dini zina taratibu zao. Ulizeni mapema ni kiasi gani. Mimba inachukua miezi tisa. Nyumba inayoweka debe moja la mahindi pembeni wakati wa mavuno, au kutunza kidogo katika chama cha kuweka na kukopa, haitauza kuku kwa bei ya kutupa usiku wa manane.

Sahihi nayo ina matatizo yake. Kabla ya operesheni iko karatasi ya kukubali. Mama mtu mzima mwenye akili zake ndiye anayeitia sahihi au dole gumba. Nimesikia mara nyingi neno hili, "Tumngoje mume kwanza." Mume yuko machimboni Chunya, simu yake haipatikani, na mama anavuja damu. Mume mwema aseme neno lake mapema, mbele ya wazee, kwamba mke wake ataamua na daktari. Na kwa wenzetu Wanyakyusa, ambao kwa desturi mke hakutani na baba mkwe, msichague mzee huyo kuwa msindikizaji. Achaguliwe dada au mama mzazi, mtu ambaye mgonjwa anaweza kumwambia, "Nishike, nataka kwenda chooni."

Usiku wa kuamkia operesheni mama hali chakula. Kwa kawaida chakula kigumu hukatazwa kwa muda wa saa 6 hadi 8, na wauguzi watamwambia lini aache maji. Chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni wakati wa operesheni, na hilo linaua. Kwa hiyo mama mkwe anayepenyeza kikombe cha uji chini ya kitenge alfajiri, kwa huruma, anamweka mkwewe hatarini. Na kama amekunywa, aseme. Vilevile mama aoge vizuri kwa sabuni, lakini asijinyoe kwa wembe nyumbani. Vijidonda vya wembe huingiza vijidudu. Na asinywe dawa yoyote ya miti shamba ya kuongeza uchungu. Kwa mwenye kovu kizazini, dawa hizo ni kama moto kwenye nyasi kavu.

Wengi hufikiri kwamba mama hulazwa usingizi kabisa. Mara nyingi sivyo. Huchomwa sindano mgongoni, akafa ganzi kuanzia tumbo kwenda chini. Yuko macho, anasikia sauti na anahisi kuvutwa, lakini hasikii maumivu ya kisu. Anamsikia mtoto akilia. Mtoto akiwa mzima awekwe kifuani kwa mama na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kupasuliwa hakuzuii maziwa. Miezi ya Juni na Julai baridi yetu ni kali, basi kofia, soksi na blanketi la mtoto viwe ndani ya mfuko tangu mwanzo.

Baada ya operesheni mama ainuke na kutembea mapema kama muuguzi atakavyomwelekeza, ili damu isigande miguuni. Nyumbani, tafadhali, desturi ya kumkanda tumbo kwa maji ya moto isifanywe kwake. Maji ya moto na mikono yenye nguvu huumiza jeraha. Kidonda kiwe kikavu na safi. Kikitoa usaha au harufu, au mama akipata homa, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wiki sita asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya maji na mzigo wa kuni vina wenyewe nyumbani humo, wenye mabega mapana kuliko yake.

Mimba nyingine isiingie kabla ya miaka miwili, ili kovu la ndani lipate nguvu. Zungumzeni uzazi wa mpango kabla ya kupasuliwa. Mama aliyetosheka na watoto anaweza kufungwa kizazi katika operesheni ile ile, lakini uamuzi huo uwe wake na utolewe mapema, si juu ya meza ya upasuaji.

Na siku ya kuruhusiwa, kabla ya kufunga mzigo, mwombe daktari aandike kwenye kadi yako kwa nini ulipasuliwa na mfuko wa uzazi ulikatwa namna gani, kwa mlalo au kwa wima. Kovu la nje halionyeshi la ndani. Aliyekatwa kwa mlalo mara moja pengine ataruhusiwa kujaribu kuzaa kwa kawaida safari ijayo, ila katika hospitali yenye upasuaji. Aliyekatwa kwa wima atapangiwa tarehe tena. Weka kadi hiyo pamoja na vyeti vya nyumba, mahali ambapo panya hawafiki.