Ziara za wataalamu wa setilaiti ziwe kinga, si anasa

Mwananchi wa kawaida akisikia kwamba mtaalamu wa serikali amepanda ndege kwenda ng'ambo kwa 'ziara ya kubadilishana ujuzi', hukunja uso. Hawezi kulaumiwa. Ameona wakubwa wengi wakienda, wakilipwa marupurupu na kurudi na masanduku yaliyojaa bidhaa, pamoja na ripoti isiyosomwa na mtu.

Hata hivyo, kuna ziara ambazo hatufai kuzitia katika kapu hilo. Nazo ni za wanasayansi wanaochunguza ardhi, mimea na bahari kwa kutumia setilaiti. Ziara hizo zinahusu afya yetu moja kwa moja.

Chukua mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931, baada ya kuua kondoo karibu na Naivasha. Huenezwa na mbu miongoni mwa mifugo. Binadamu huupata hasa anaposhika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Wengi hushikwa na homa na kupona, lakini wachache hutokwa na damu, hupoteza uwezo wa kuona au hufa. Chanjo iliyoko ni ya mifugo. Raia bado hawana yao.

Katika miaka ya 1980, wanasayansi wa Marekani akiwemo Kenneth Linthicum walikuja nchini na kufanya kazi na wenzao wa maabara ya mifugo ya Kabete. Waliingia katika mabonde yanayotuama maji ya mvua, wakakusanya viluwiluwi na kuwalea hadi wakawa mbu. Virusi vilipatikana ndani ya mbu hao ambao hawakuwa wameuma mnyama yeyote. Maana yake ni kwamba virusi hujificha ndani ya mayai ya mbu udongoni, vikingoja mafuriko.

Setilaiti haiwezi kumwona mbu. Inachoweza ni kupima jinsi majani yalivyonawiri, na kutokana na hilo mtaalamu hujua ni wapi mvua imepita kiasi. Mwaka wa 1999, Linthicum, pamoja na Assaf Anyamba, Compton Tucker na wenzao, walionyesha kwamba vipimo hivyo vikiunganishwa na vya joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, mkurupuko unaweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla haujatokea.

Elimu hiyo haikupatikana kwa kukaa ofisini Marekani na kutazama picha. Kuna mtu aliyelazimika kukanyaga tope la Kenya. Hiyo ndiyo maana halisi ya kutembeleana.

Lakini je, sisi tumefaidika vipi? Mwishoni mwa 2006 utabiri ulitolewa, nao ukatimia. Ugonjwa ulianza Kenya, ukaingia kusini mwa Somalia, kisha ukafika kaskazini mwa Tanzania. Ilani ilitangulia kwa kati ya wiki 2 na 6. Hata hivyo, kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walifariki. Hata hapa Nairobi, wengi waliogopa kula nyama.

Wiki chache hazitoshi kutafuta chanjo, kuisafirisha hadi Garissa na kuchanja maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tena ilani haina maana ikimfikia afisa asiyejua kuisoma, au anayeijua lakini hana petroli ya kumtoa ofisini.

Ndiyo maana nasema ziara hizi ziendelee, ila zibadilike. Kwanza, watumwe vijana wanaofanya kazi mashinani, yaani madaktari wa mifugo na maafisa wa afya wa kaunti, si mkurugenzi aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu. Pili, wakae huko miezi kadhaa hadi waweze kuzisoma picha hizo wenyewe, na wakirudi wawafunze wenzao. Tatu, wageni nao waje kwetu, si kwa mikutano ya hotelini tu, bali wakati wa mvua, wakaketi na wafugaji. Wafugaji Wasomali wana jina lao la ugonjwa huu, Sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Watu hao huiona dalili kabla ya daktari yeyote kufika.

Wala hatutembelei wenzetu mikono mitupu. Kituo cha kanda cha mambo ya ramani, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, kiko Kasarani. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka wa 2017, na Aprili 2023 setilaiti yetu, Taifa-1, ilirushwa kutoka Marekani.

Kwa hivyo, msomaji, ukisikia tena kwamba mtaalamu amesafiri, usikimbilie kuuliza alilipwa pesa ngapi. Uliza amekwenda kujifunza nini, amemfunza nani aliporudi, na kama mfugaji wa Ijara atapata habari kabla ya mvua kubwa ijayo. Asipokuwa na jibu, hapo una haki ya kukunja uso.