Jina, cheti na leseni: mwananchi ajue nini kabla ya kumwona mwanasaikolojia

Na Afisa Habari, Singida

Mkoa wa Singida una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa mkoa una wakazi wapatao milioni 2. Miongoni mwao wamo wazazi wanaotafuta msaada kwa mtoto aliyejitenga na wenzake, na wamo vijana waliorejea kutoka vyuo vikuu wakiwa na shahada za saikolojia. Makundi haya mawili yanauliza jambo moja: ni nani anayeruhusiwa kutoa huduma ya saikolojia, na ruhusa hiyo hupatikana wapi?

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba Tanzania Bara haina sheria mahsusi inayosimamia taaluma ya saikolojia peke yake. Kwa sababu hiyo, neno “mwanasaikolojia” lililoandikwa kwenye kibao cha ofisi au kwenye ukurasa wa mtandao wa kijamii halithibitishi kwamba mhusika amesajiliwa. Jina ni jambo moja, cheti cha chuo ni jambo la pili, na leseni ya kutoa huduma ni jambo la tatu. Mwananchi anayevichanganya vitatu hivyo anaweza kumkabidhi mgonjwa wake mtu asiyewajibika kwa chombo chochote.

Mkanganyiko huo huongezeka kwa kuwa wahudumu wa aina mbalimbali huitwa kwa jina hilo moja. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili husoma kwanza shahada ya udaktari kwa miaka mitano, hufanya utarajali wa mwaka mmoja, husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha husomea ubingwa. Huyu hupima, hutambua ugonjwa na huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo yenye mbinu za kitaalamu na kwa vipimo vya kisaikolojia, na haandiki dawa. Mnasihi humsaidia mtu kukabiliana na changamoto za masomo, ndoa, msiba au kazi. Afisa ustawi wa jamii aliyepo katika halmashauri hushughulikia migogoro ya familia, ulinzi wa mtoto na rufaa kwenda kwa wataalamu wengine.

Kwa kijana anayetaka kuifanya saikolojia kuwa taaluma ya tiba, njia huanza na shahada ya kwanza. Shahada hiyo inampa msingi wa kuelewa tabia na fikra za binadamu, na inamfungulia milango ya kazi katika elimu, rasilimali watu, utafiti na maendeleo ya jamii. Haimpi uwezo wa kutibu mgonjwa akiwa peke yake. Hatua inayofuata ni shahada ya uzamili yenye mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili katika saikolojia tiba. Aliyesoma nje ya nchi anapaswa kwanza kupata utambuzi wa tuzo yake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Baada ya elimu ndipo linapokuja suala la usajili. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 ndiyo inayosimamia sehemu kubwa ya wanaotibu katika vituo vya afya. Mhitimu anayekusudia kufanya kazi hospitalini anashauriwa kuwasiliana mapema na Baraza hilo kuhusu sifa na nyaraka zinazotakiwa, kabla ya kulipa ada ya masomo na si baada ya kuhitimu.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Kenya ilitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014 na kuunda bodi ya kuwasajili. Afrika Kusini humtaka mwanasaikolojia tiba awe na shahada ya uzamili, utarajali wa miezi 12, mtihani wa bodi na mwaka mmoja wa kutumikia jamii. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, majina kama mwanasaikolojia tiba yanalindwa kisheria, na asiyesajiliwa akiyatumia anatenda kosa. Hapa nchini, hata mganga wa tiba asili anatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Ni vigumu kuona kwa nini anayetibu kwa mazungumzo adaiwe kidogo kuliko anayetibu kwa mizizi.

Uzito wa jambo hili unatokana na madhara yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa zaidi ya watu 700,000 hufariki dunia kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Aidha, malaria kali na kifafa vinaweza kumfanya mtu aonekane amechanganyikiwa. Mtaalamu aliyefundishwa atatambua dalili hizo na kumpeleka mgonjwa kwa daktari siku hiyohiyo. Asiyefundishwa anaweza kuendelea na vikao vya ushauri hadi muda wa kuokoa maisha upite.

Hivyo mwananchi ana haki ya kumuuliza mtoa huduma maswali matatu: Umesoma nini na wapi? Umesajiliwa na chombo gani, na leseni yako inaisha lini? Tatizo likizidi uwezo wako, utanipa rufaa kwenda wapi? Mtaalamu wa kweli huyajibu bila kukasirika. Anayeahidi kuponya kila tatizo, au anayekataza mgonjwa kutumia dawa alizoandikiwa na daktari, aepukwe.

Kwa dharura, ikiwemo mtu kutamka kwamba anataka kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo rufaa hufuata ngazi zake hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida na, inapobidi, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo mkoa jirani wa Dodoma. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumpokea, kumtunza na kumlinda mgonjwa wa akili, awe amekuja kwa hiari au ameletwa na ndugu zake.