Amiri Aliyekalia Kiti cha Sultani

 

Mwulize mwanafunzi wa madrasa zetu, awe wa Nachingwea au wa Ruangwa, kuhusu mawaziri wa Baghdad, naye atakutajia akina Barmaki bila ya kusita. Mwulize Amiri Ibrahim wa Kilwa alikuwa nani, atakutazama tu. Lawama hii ni yetu sisi walimu kabla ya kuwa yake, kwani Kilwa Kisiwani imo katika mkoa wetu huu huu wa Lindi.

Kilwa ilitawaliwa na ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, tangu karibu mwaka 1277. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani Abu al-Mawahib Hasan bin Sulaiman, mtu mkarimu, na dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Katika karne ya 15 mambo yaligeuka. Masultani walibaki na jina, na nguvu ikahamia kwa maamiri na mawaziri, wakawa wanamweka huyu na kumwondoa yule. Mwishoni mwa karne hiyo Amiri Ibrahim alimuua Sultani al-Fudail na kuishika dola.

Neno “waziri” wanazuoni wa lugha hulirejesha ama kwenye msaada, ama kwenye “wizr”, yaani mzigo. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, anazitaja asili zote mbili katika Muqaddima. Humo humo anaeleza kwamba anayemtawalia sultani mambo yake kwa kawaida haligusi jina la usultani. Huchukua hukumu, hazina na jeshi, na jina huliacha lilipo, kwa kuwa hana asabiya ya kulibeba, na akilidai waziwazi watu humgeuka. Ibrahim alikuwa hivyo hasa. Aliyekalia kiti cha sultani aliendelea kuitwa Amiri, na hata Wareno waliliandika jina lake “Mir Habraemo”.

Isidhaniwe kwamba kila waziri aliyepanda aliishia pabaya. Katika miaka hiyo hiyo, huko Bengal, Sayyid Husain alikuwa waziri wa Muzaffar Shah, mtawala wa asili ya Uhabeshi. Muzaffar aliuawa, wakubwa wa dola wakamkubali Husain mwaka 1494, naye akavunja kikosi cha walinzi wa kasri kilichozoea kuua masultani. Alitawala hadi 1519, na ukoo wake ukadumu hadi 1538. Naye hakuingia kwa mlango safi, hilo hatulifichi. Lakini wenye kauli walikuwa pamoja naye, na wa kwanza kudhibitiwa walikuwa wale wenye silaha waliomzunguka. Ibrahim hakuwa na hilo wala lile.

Kwa hiyo Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1502 na kutishia kuuteketeza mji, alimkuta mtawala asiye na watu nyuma yake. Ibrahim alilipa mithqali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa huko Lisbon, na mwaka 1506 ikatoka chombo cha ibada ya kanisa, ambacho hadi leo kimo katika makumbusho ya mji huo. Mali ya Waislamu wa Kilwa!

Mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida. Mji uliporwa mwezi wa Julai, Ibrahim akakimbilia bara, na Wareno wakajenga ngome.

Tunayaandika haya tukiwa na jambo la karibu zaidi moyoni. Uko msikiti mmoja katika wilaya zetu ambao mtunza fedha wake alichaguliwa kwa mwaka mmoja, na sasa huu ni mwaka wa tisa. Mwenyekiti yupo, imamu yupo, majina yote yapo kwenye karatasi, lakini ufunguo wa sanduku ni wa mtu mmoja, na mahesabu hayajasomwa mbele ya jamaa. Anayeuliza huambiwa analeta fitna. Sisi tunasema kuuliza si fitna. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe kusimamia hazina za nchi, na akazitaja sifa zake mbili, kuhifadhi na kujua. Mwenye sifa hizo haogopi kusoma daftari baada ya sala ya Ijumaa.

Tumalizie habari ya Kilwa. Wareno walimvisha taji Muhammad bin Rukn al-Din, waliyemwita Ankoni, mtu aliyewahi kushika hazina ya dola. João de Barros, mwandishi wao, anasimulia kwamba mzee huyu aliomba baada yake kiti kisiende kwa wanawe, bali kwa mtoto wa al-Fudail aliyeuawa. Mwaka 1506 naye aliuawa, kwa mkono wa watu wa upande wa Ibrahim. Aliyekalia kiti baada yake alikuwa mwanawe, Haji Hasan, na mji ukaingia vitani wenyewe kwa wenyewe. Wareno waliiacha ngome yao mwaka 1512.